Nimekabidhiwa kituo, lakini ninaowasimamia ni dada zangu na mama zangu

Shikamoo Shangazi,

Nakuandikia kutoka Gungu, Kigoma. Nina miaka 29. Miaka saba nimelea watoto wa watu katika kituo kimoja cha kulelea watoto mchana, na tangu Januari mwenye kituo amenikabidhi funguo. Aliyekuwa msimamizi alimfuata mumewe Mpanda, tajiri akaniita akasema, "Wewe watoto wanakupenda, wazazi wanakuulizia. Kuanzia Jumatatu wewe ndiye mkuu." Basi. Nikapewa daftari la ada, mhuri na ufunguo wa stoo. Hakuna aliyenionesha kingine.

Watoto tunao 46. Walezi ni watano, msaidizi mmoja, mpishi na mlinzi. Akina mama wengi wanaotuletea watoto wanafanya biashara ya dagaa, kwa hiyo siku za giza watoto wanafika hata kabla ya saa kumi na mbili asubuhi, wamebebwa wakiwa na usingizi wao, maana mama anawahi boti zinazorudi Kibirizi. Mbalamwezi ikitoka boti zinapumzika, ada zinachelewa, na mishahara ya walezi nayo inachelewa. Nakueleza haya ili ujue kwamba watu ninaowasimamia wana sababu za kuchoka.

Katika wale walezi watano, wawili tulianza kazi mwaka mmoja, tumekula sahani moja. Wawili ni wasichana wapya. Wa tano ni mama mtu mzima, amenizidi zaidi ya miaka ishirini, na yeye ndiye aliyenifundisha kazi hii: namna ya kumshika mtoto shingo unapomwogesha, namna ya kujua kilio cha njaa na kilio cha tumbo. Namwita mama, na kila asubuhi namwamkia shikamoo mpaka leo. Ndiye mwenye chumba cha wadogo, watoto 11 wa chini ya miaka miwili, yeye na yule msaidizi.

Mwezi uliopita niliingia chumbani kwake saa nne, saa ya uji. Nikamkuta amemlaza mtoto chali mapajani, amembana pua kwa vidole viwili, anammiminia uji kwa kikombe. Mtoto anapiga mateke. Akapaliwa, akakohoa mpaka uji ukamtokea puani. Mama akampigapiga mgongoni, akamfuta, akaniangalia, akasema, "Huyu bila hivi hamalizi." Shangazi, nilisimama pale mlangoni kama mgeni. Nikasema tu, "Pole na kazi mama," nikaondoka.

Usiku sikulala. Ijumaa nikaitisha kikao cha wote. Nikasema humu kuna watu wanawatesa watoto, kuna watu wanachelewa, kuna watu wanachezea simu kazini, na kuanzia leo sitavumilia. Sikumtaja mtu. Kumbe kila mmoja alijiona ametajwa. Wale wenzangu sasa wananiita "bosi" kwa sauti unayoijua. Nikiingia chumba, maongezi yanakatika. Yule mama akishaitikia marahaba, hana neno lingine na mimi. Na mimi nikiona kitu hakiendi, namchukua mtoto nambadilisha nepi mwenyewe, namlisha mwenyewe. Jioni nafika nyumbani hoi, na daftari la kituo sijaligusa.

Tajiri nilipomwambia, alisema dawa ni faini: kosa moja, elfu tano kutoka kwenye mshahara. Na yule mama kama umri umemchosha, aondoke. Sitaki aondoke. Lakini picha ya yule mtoto akitapatapa hainitoki. Nilifundishwa kulea watoto, Shangazi, sikufundishwa kusimamia watu wazima, tena walionizidi. Nianzie wapi?

Msimamizi mpya, Gungu

*

Marahaba mwanangu.

Tuanze na uji, maana mengine yote yanaweza kungoja, hilo haliwezi. Mtoto aliyebanwa pua hana pa kuvutia pumzi ila mdomoni, na mdomo umejaa uji. Anachokivuta ni hewa na uji pamoja. Ukimwingia kwenye njia ya hewa unaweza kumkaba palepale, au ukamletea ugonjwa wa mapafu siku chache baadaye ambao hakuna atakayeuhusisha na kikombe cha saa nne. Najua wengi wetu tulilishwa hivyo, na waliotulisha walitupenda. Hata hivyo kesho, kabla uji haujapakuliwa, ingia chumba cha wadogo umwambie yule mama na msaidizi wake, kwa sauti yako ya kawaida: "Kuanzia leo hatumbani mtoto pua wala hatumlazi chali kumlisha. Anakalishwa, ananyweshwa kwa kijiko au kikombe kidogokidogo, akigeuza uso tunaacha. Leo nitakaa hapa tulishe pamoja." Hilo usilijadili. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 13, inakataza kumtesa mtoto au kumtendea kikatili, na wewe uliyeona ukanyamaza umebeba sehemu ya jambo hilo. Nakuambia hivyo bila kukukaripia, kwa sababu nami niliwahi kunyamaza, na niliwahi pia kupiga kelele pasipostahili.

Nikiwa na umri unaokaribia wako nilisimamia kituo Tabora. Jioni moja mzazi alimkuta mwanawe na nguo zilizoloa mkojo, akaja juu pale getini. Mimi nikamgeukia msichana aliyekuwa zamu, nikamfokea mbele ya yule mzazi na mbele ya watoto, ili mzazi aone kwamba kituo kina mwenyewe. Nilijiona nimefanya kazi. Haikupita hata wiki mbili, mtoto wa chumba cha yule msichana akaanguka kwenye ngazi za jikoni, akaumia nyuma ya kichwa. Msichana akamfuta, akamvalisha kofia, akanyamaza. Tulijua usiku, mama yake alipomvua kofia ili amwogeshe. Mtoto alipona, Mungu ni mwema. Nilipomuuliza yule binti kwa nini hakuniambia, aliangalia chini akasema, "Niliogopa kufokewa tena."

Tangu siku ile swali langu kuhusu msimamizi yeyote ni moja tu: je, mlezi wake anaweza kumfuata na kumwambia jambo baya likiwa bado dogo? Watoto wa chumba cha wadogo hawasemi. Mdomo wao ni mlezi. Mlezi akishakuogopa, kituo kizima kimekuwa bubu, na wewe unabaki kusikia kwa wazazi, tena usiku.

Ndiyo maana kikao cha Ijumaa kimekuumiza. Ulisema na watu wote ili usiseme na mmoja. Walioonewa walijua wameonewa, na mhusika naye alijua ameogopwa. Maneno ya kazi ya mtu mmoja yana mahali pake: watu wawili, siku ileile au kesho yake, mlango umefungwa. Vikao vya wote viache viwe vya ratiba, vya zamu, vya sherehe za watoto.

Sasa njia. Kabla ya kusema na mlezi, mwangalie. Chukua mkeka, kaa pembeni ya chumba dakika ishirini na daftari, ukiwa umemwambia mwenyewe kwamba unakuja na kwa nini. Andika unachokiona, usiandike unachokifikiria. "Mlezi ana hasira" hayo ni mawazo yako, na atakubishia mpaka jioni. Andika kwa mfano hivi: "Saa 4:05 uji umefika, wa moto. Saa 4:10 mtoto wa kwanza kageuza uso mara tatu. Wanne wanalia wakingoja. Msaidizi yuko nje anaanika nepi." Umeona mistari hiyo inavyosema? Mama yule ana watoto 11 na uji wa moto, yuko peke yake, na msaidizi ametumwa kambani saa ambayo angehitajika kuliko saa zote. Marekani, chama cha NAEYC kinachotoa ithibati kwa vituo vya watoto wadogo kinataka mlezi mmoja asishike zaidi ya watoto wachanga wanne. Hatutafika huko mwezi huu. Lakini nepi zinaweza kuanikwa saa tano, uji unaweza kutoka jikoni mapema ukapoe, watoto wanaweza kunywa kwa makundi mawili, na wewe unaweza kukaa na watatu wako kila siku saa hiyo. Hakuna kati ya hayo linalohitaji hela ya tajiri.

Chunguza pia njaa yenyewe. Mtoto aliyeletwa alfajiri amekula nini, saa ngapi? Kama mama alimpa maandazi na chai njiani, atamalizaje kikombe? Kama hakula chochote, saa nne ni mbali mno na atakuwa ameshalia mpaka hamu imekatika. Waulizeni akina mama getini. Na jambo jingine ambalo nina hakika lipo hata kwenu: jioni mzazi anauliza, "Kamaliza uji?" Mlezi anapimwa kwa kikombe kitupu, basi atahakikisha kiko kitupu kwa njia yoyote. Fungueni daftari la chumba: kikombe kizima, nusu, robo. Mzazi asomewe hivyo, na aambiwe kwamba nusu si kosa la mtu.

Hayo ni ya mazingira. Yapo pia ya moyo, na huwezi kuyakwepa kwa kupanga zamu vizuri. Lazima ukae na yule mama. Usimwite ofisini ukae nyuma ya meza yenye mhuri. Mfuate watoto wakishalala mchana, kaeni kivulini, kiti kwa kiti. Mwamkie kama siku zote; mtu anaweza kukupa shikamoo na bado akakuongoza kazini, na shikamoo yako ukiiacha sasa atajua cheo kimekupanda kichwani. Kisha anza na kosa lako, kwa sababu lipo: "Mama, nimekuja kuomba radhi. Siku ile ya uji niliona, nikanyamaza, halafu nikaja kusema kwa mafumbo mbele ya watu. Ningekufuata siku ileile." Nyamaza. Mwache ajibu au asijibu. Halafu: "Nilichokiona ni mtoto amebanwa pua, akapaliwa, uji ukatoka puani. Niliogopa sana. Wewe upande wako ulikuwaje asubuhi ile?"

Baada ya swali hilo funga mdomo. Hapa ndipo wasimamizi wapya wengi wanaharibu, wanaona ukimya wanaujaza kwa nasaha. Ngoja. Huenda atakuambia mgongo unamuuma. Huenda atakuambia ni miezi miwili hajalala kwa ajili ya mgonjwa nyumbani, au kwamba tangu ulipopewa funguo hakuna aliyemuuliza chochote, yeye aliyekufundisha. Huenda akakasirika. Yote hayo ni bora kuliko marahaba iliyokauka. Mkimaliza, kubalianeni jambo moja, moja tu, na siku ya kulirudia.

Hiyo siku ya kurudia ndiyo siri ya kazi yote. Shirika la Zero to Three la Marekani, linaloshughulika na watoto wachanga, mwaka 1992 lilieleza nguzo tatu za usimamizi wa watu wanaowahudumia watoto hao: kutafakari kazi pamoja, kushirikiana, na kukutana kwa ratiba isiyokatika. Wenzangu wengi wanazipenda mbili za kwanza. Ya tatu ndiyo inayotushinda, kwa sababu kila wiki kuna mzazi, kuna maji yamekatika, kuna mgeni wa halmashauri. Wewe una watu sita wa vyumbani. Ukichukua watatu wiki hii na watatu wiki ijayo, nusu saa kila mmoja wakati watoto wamelala, umemaliza. Usiahirishe hata kama hakuna kosa. Hasa kama hakuna kosa, maana msimamizi anayeonekana siku ya kosa tu atakimbiwa kama askari wa barabarani.

Na usiseme na wote kwa namna moja. Mwaka 1972 mtaalamu wa elimu ya awali Lilian Katz aliandika kwamba mwalimu wa watoto wadogo hupita hatua nne. Kwanza ni kuhimili tu, siku iishe salama, na hatua hiyo inaweza kula mwaka mzima. Kisha anajijenga, anaanza kumwona mtoto mmojammoja. Baadaye kazi inamchosha kwa kujirudia, anahitaji kitu kipya. Mwisho anakomaa, anaanza kujiuliza maswali mazito ya kazi yake. Wasichana wako wawili wako kwenye kuhimili: hao wanataka uwe karibu, uwashikie mkono, uwaambie lile walilolifanya vizuri leo kwa jina lake, si "hongera" tupu. Yule mama yuko mbali huko, na nahisi yuko pale pa kuchoshwa na mambo yaleyale. Wa namna hiyo ukimrudisha darasani anaona umemtukana. Mpe kazi inayolingana naye. Akishaiacha tabia ya kubana pua, na umeona kwa macho yako ameiacha, mwombe awafundishe wale wasichana kuogesha na kusoma vilio, kama alivyokufundisha wewe. Hilo analijua kuliko wewe na mimi.

Na wewe pia, mwanangu, ukuu huu umeuanza juzi. Una uzoefu wa miaka saba wa kulea na miezi michache ya kusimamia. Ndiyo sababu unamnyang'anya mlezi nepi: unarudi kwenye kazi uliyoizoea. Kulisha watoto watatu kando ya mlezi ni kumsaidia. Kumpokonya mtoto mkononi ni kumwambia hawezi, na mtoto naye ameona. Ukishindwa kujizuia, weka mikono nyuma uulize, "Nikusaidie nini?"

Wale rafiki zako wawili nitawasema kwa ufupi. Waambie, kila mmoja peke yake, kwamba urafiki upo na kwamba kazini utawaambia wanapokosea. Watakununia wiki mbili tatu. Usinunue urafiki kwa kuwafumbia macho kuchelewa, wasichana wapya wanaona.

Faini za tajiri zikatae, kwa adabu lakini kwa uwazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimruhusu mwajiri kukata mshahara anavyojisikia, na kumwachisha mtu kazi kunataka sababu ya haki na utaratibu wa haki, ikiwemo kumsikiliza. Mweleze na hasara yake: mlezi atakayekatwa elfu tano kwa mtoto kuanguka hatakwambia mtoto ameanguka. Kama anataka kutumia fedha, mishahara itoke tarehe moja, giza au mbalamwezi. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, nyinyi mliona wenyewe ada zinavyokauka kwa wakati mmoja. Basi msimu wa dagaa atenge akiba ya mishahara. Mlezi mwenye deni la dukani analea akiwa na deni hilo kichwani.

Hata hivyo sikufundishi kuvumilia kila kitu. Andika tarehe na mlichokubaliana kila mnapokaa. Yule mama akirudia kubana pua baada ya kuambiwa, kuoneshwa na kupunguziwa mzigo, mtoe chumba cha wadogo siku hiyohiyo, mpe onyo la maandishi, fuata utaratibu, na umjulishe Afisa Ustawi wa Jamii wa manispaa. Itakuuma. Wale watoto 11 hawana mtu mwingine ndani ya ule ukuta zaidi yako.

Kwa huyo Afisa Ustawi nenda hata kabla ya shida, maana usajili na ukaguzi wa vituo unapita kwao. Muulize mafunzo ya malezi na makuzi chini ya programu ya taifa iliyozinduliwa Desemba 2021 yanafikaje Kigoma, na omba liwemo somo la kuwasimamia walezi, si la kuwalea watoto peke yake. Watafute pia wakuu wa vituo vingine, wa Mwanga, wa Ujiji, wa Katubuka. Kutaneni mara moja kwa mwezi, hata watatu, kila mmoja alete jambo moja lililomshinda. Unawasikiliza watu sita. Nani anakusikiliza wewe?

Nimebakiza mtu ambaye hukumtaja kwenye barua yako: mama wa yule mtoto. Sijaona mahali ulipoandika kwamba aliambiwa. Mwambie, hata kama ni mwezi umepita. Mwambie mwanawe alilishwa kwa nguvu akapaliwa, kwamba mmeacha kulisha hivyo, na umuulize kama mtoto amekuwa akikohoa au kuhema kwa shida. Kama ndiyo, ampeleke kituo cha afya. Ukimwomba yule mama mlezi asimame nawe mkimwambia, na akakubali, utakuwa umepiga hatua kubwa. Asipokubali, nenda peke yako, kesho jioni getini, kabla hajamfunga mtoto mgongoni.

Shangazi